Nenda Kwanza Uwanja wa Kuni

Wageni wanaofika kiwandani kwetu kuulizia habari za kaboni huinua macho kwanza. Wanatafuta paneli za sola juu ya paa. Mimi huwaomba tuteremke nyuma ya jengo, tupite mizani ya majani, tupite karakana, hadi uwanja wa kuni. Huko ndiko sehemu kubwa ya kaboni yetu iliko, na huko ndiko tulikoweza kuipunguza. Mimi ni mhandisi wa kiwanda cha chai katika nyanda za juu za Kenya, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeimaliza nikiufuata mvuke: unakotoka, unakokwenda, unakopotelea.

Nawaandikia wenzangu walio viwandani, wa chai na wasio wa chai, kwa sababu naona pesa nyingi zikipelekwa mahali pasipo na kaboni nyingi, na mahali ilipo kaboni hasa pakiachiwa watu wawili wa zamu wasio na hata kipimajoto kinachofanya kazi.

Kiwanda cha chai ni mahali pa kuondolea maji. Majani mabichi yanapofika kutoka vituo vya wakulima, asilimia 75 hadi 80 ya uzito wake ni maji. Chai inayoingia kwenye mifuko kwenda mnada wa Mombasa ina asilimia 3 hivi. Ili kupata kilo moja ya chai unahitaji kilo nne na nusu za majani, na tofauti yote hiyo ni maji yaliyopaa angani. Kila kilo ya maji, kuanzia ubaridi wa asubuhi hadi igeuke mvuke, inadai takriban megajuli 2.6 za joto. Hakuna ujanja wa kulikwepa deni hilo. Ndiyo maana zaidi ya robo tatu ya nishati tunayotumia ni joto. Umeme unaozungusha mashine za kusagia majani, feni na mikanda ni sehemu ndogo, ingawa bili yake ndiyo inayopigiwa kelele kwenye mikutano.

Na umeme wenyewe, kwetu Kenya, tayari una kaboni kidogo. Karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi unatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambako uzalishaji ulianza mwaka 1981, kwenye mabwawa ya mto Tana, kwenye upepo wa Turkana, na kiasi kwenye jua. Mwenzangu aliye Afrika Kusini, ambako umeme mwingi unatokana na makaa ya mawe, akipunguza umeme kidogo tu amepunguza kaboni nyingi. Mimi nikipunguza umeme kiasi kile kile nimepunguza bili. Ni jambo jema, lakini tusiliite kwa jina lisilo lake.

Silipingi jua. Laini zetu za umeme vijijini hukatika mvua ikinyesha na miti ikianguka, na stima ikipotea chai ikiwa ndani ya kikaushio, jenereta ya dizeli lazima iwake mara moja, la sivyo chai inaungua. Kila lita ya dizeli inayoungua inatoa kilo 2.7 hivi za kaboni dioksidi. Sola inayopunguza saa za jenereta mchana inafanya kazi ya kweli. Mitambo midogo ya umeme wa maji inafanya zaidi, maana kiwanda cha chai kinafanya kazi usiku kucha na mto haulali. Kiwanda cha Imenti kule Meru kina mtambo wa namna hiyo, na mashamba makubwa ya Kericho yameitumia mito yao kwa miaka mingi. Mwenye mto wenye maporomoko karibu naye lakini hautumii, aamke. Wasio na mto, nao ndio wengi wetu, tuteremke uwanjani.

Lakini kabla ya kuteremka: kila kiwanda kina mahali pake pa kuanzia, na nieleze kidogo. Rafiki niliyesoma naye yuko kiwanda cha saruji upande wa Athi River. Kwake, takriban asilimia 60 ya kaboni dioksidi haitoki kwenye moto hata kidogo. Inatoka ndani ya chokaa chenyewe, jiwe likichomwa na kuvunjika kikemikali. Hata akipata moto msafi kabisa, jiwe litaendelea kutoa hewa hiyo. Dawa yake kubwa ni kupunguza klinka, yaani jiwe hilo lililokwisha kuchomwa, katika kila mfuko, mahali pake atie pozolana, vumbi la volkano ambalo nchi yetu imejaliwa kwa wingi. Kiwanda cha kusokota nyuzi hakina jiwe wala hakina moto mkubwa, kwa hiyo kitaanzia kwenye mota na mashine za hewa iliyoshindiliwa. Anayekuuzia dawa moja kwa viwanda vyote hajaingia kiwanda chochote.

Sheria yetu inasaidia kuanza vizuri, ingawa wengi wanaichukulia kama usumbufu. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zinataka kiwanda kinachotumia nishati nyingi kikaguliwe kila baada ya miaka mitatu, kisha kitekeleze angalau nusu ya akiba ambayo mkaguzi ameionyesha. Nimeona ripoti nzuri za ukaguzi zikifungwa kabatini hadi mkaguzi mwingine anapobisha hodi. Kiwanda kikitaka ripoti iishi, mtu mmoja mwenye mamlaka lazima apewe jina la kazi hiyo, na vipimo viandikwe kila siku: uzito wa kuni zilizoingia, maji yaliyoingia kwenye boila, umeme wa kila idara, kilo za chai zilizotoka. Mita ya maji kwenye pampu ya boila ni kifaa cha bei ndogo, na kwa maoni yangu ndicho kifaa chenye faida kuliko vyote, kwa sababu maji yaliyoingia karibu yote ndiyo mvuke uliotoka. Ukijua mvuke na ukijua kuni, umelijua boila lako.

Sasa kuni, maana ndiko kwenye mengi ya kusema.

Tunachoma mikaratusi, bluu gamu kama wengi wanavyoiita. Mti uliokatwa leo, nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia kwenye moto siku hiyo hiyo, moto unaanza kwa kuchemsha maji ya mti kabla haujafika kwenye maji ya boila. Kilo moja ya kuni zenye unyevu wa asilimia 50 inatoa megajuli 8 hivi. Kilo moja ya kuni zilizokauka hadi asilimia 20 inatoa zaidi ya 14.

Mtu wa hesabu atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema kilo hizo mbili si mti ule ule: gogo la tani moja likikauka hivyo linabaki na kilo 625, na joto lake lote linapanda kutoka gigajuli 8 hadi karibu 9. Faida ni asilimia 11 au 12, basi. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi, ambako moto huwaka kikamilifu. Ndani ya tanuri mambo ni mengine. Kuni mbichi zinashusha joto la moto. Mtu wa boila akiona geji ya presha inateremka, anafungua milango ya hewa zaidi na kutupia kuni zaidi. Hewa ile ya ziada inaingia baridi na kutoka moto kupitia dohani, ikibeba joto tulilolilipia. Moshi unakuwa mweusi, na moshi mweusi ni kuni ambazo hazikuungua: masizi, na gesi kama methani, ambayo inapasha dunia joto kuliko kaboni dioksidi yenyewe. Masizi yanaganda kwenye mirija ya boila na kuzuia joto lisipite kwenda kwenye maji, kwa hiyo hata kesho ukileta kuni kavu bado unalipia uchafu wa jana. Juu, kwenye kikaushio, hewa haifiki joto linalotakiwa, majani yanakaa muda mrefu zaidi, na mtengeneza chai anapiga simu chini kwa hasira. Hasara yote hii haimo katika zile asilimia 11.

Mzee mmoja aliyekaa na boila miaka mingi kabla yangu alikuwa akijua haya yote bila mita. Nilikuwa nikimkuta asubuhi namuuliza, "Mzee, kuni za leo zikoje?" Anachukua vipande viwili, anavigonganisha. Vikilia kwa sauti kali, ananyamaza na kuendelea na kazi. Vikitoa sauti nzito, ananiambia, "Kijana wangu, haya ni maji umeniletea. Usiniulize presha." Mpaka leo nawafundisha vijana wa zamu kugonganisha kuni, na kutazama nyufa kwenye ncha za gogo, hata baada ya kununua kipimaunyevu cha betri.

Tatizo la kuni mbichi halianzi kwenye boila, linaanza kwenye ofisi ya ununuzi. Ukinunua kuni kwa uzito, unamlipa muuzaji kwa maji, na yeyote aliyekausha kuni zake nyumbani kwa miezi kadhaa anaadhibiwa kwa bidii yake. Ukinunua kwa kyubiki mita ya rundo, ambayo ndiyo desturi ya wengi, unalipa mapengo: magogo yaliyopinda yakipangwa kwa ustadi yanaacha hewa nyingi katikati, na rundo linaonekana kubwa. Sisi tumehamia kwenye uzito pamoja na unyevu. Lori linapimwa, magogo kadhaa yanachaguliwa kutoka sehemu mbalimbali za mzigo, yanapasuliwa palepale, na sindano za kipimo zinachomekwa kwenye uso mpya wa ndani, kwa sababu gamba la nje hudanganya. Kisha tunalipa kwa uzito wa mti mkavu uliomo ndani. Muuzaji anasimama pale pale akisoma namba pamoja nasi. Hilo la kusoma pamoja ni la lazima. Bila hilo kipimo kinageuka mchezo wa kiwanda dhidi ya mkulima, na wakulima hao ndio wenye kiwanda.

Lakini bei nzuri ya kuni kavu haitoshi. Mkulima anayeuza mikaratusi yake mara nyingi anauza kwa sababu karo ya shule imefika au mgonjwa yuko hospitali. Hawezi kungoja kuni zikauke. Kwa hiyo kiwanda lazima chenyewe kiwe mahali pa kukaushia, na hapo ndipo vita vyangu na wahasibu vilipokuwa. Kuni za miezi kadhaa zilizolala uwanjani ni pesa zilizolala uwanjani. Mhasibu anaona mzigo, mimi naona ghala la joto. Nilichofanya ni kumwekea mezani namba za kila siku, kilo za chai kwa kila kyubiki mita ya kuni, wiki za kuni kavu na wiki za kuni mbichi, mwezi baada ya mwezi, mpaka mjadala ukahama kutoka kwenye maneno kuingia kwenye karatasi yake mwenyewe. Kuni ni miongoni mwa gharama kubwa za kutengeneza chai, na kinachobaki baada ya gharama ndicho kinachoingia kwenye bonasi ya mkulima mwisho wa mwaka. Mhasibu yeyote wa kiwanda cha wakulima anaielewa bonasi.

Kukausha kwenyewe ni kazi ya adabu kuliko ya mitambo. Gogo nene lipasuliwe, kwa sababu maji hutoka kwa shida kupitia gamba. Rundo lisiguse ardhi, liinuliwe juu ya mawe au mbao. Mapengo yaachwe kufuata upepo. Paa liwe la mabati yenye vipande vinavyopitisha mwanga, kuta ziwe wazi. Kila rundo liandikwe kwa rangi tarehe ya kuingia, na la kwanza kuingia ndilo la kwanza kutoka. Sharti hili la mwisho ndilo linalovunjwa zaidi, kwa sababu lori jipya humwaga karibu na mlango wa boila na mtu wa zamu akiwa amechoka huchukua kilicho karibu. Panga uwanja ili kilicho karibu kiwe ndicho kikavu, na hutahitaji kumgombeza mtu.

Tuingie sasa nyumba ya boila, nitapita haraka zaidi.

Mvuke ukishafanya kazi yake kwenye radieta za kikaushio, unarudi kuwa maji, maji moto sana, safi, ambayo tayari yametiwa dawa. Viwanda vingi bado vinayamwaga mtaroni. Maji ya mto wetu asubuhi hayafiki nyuzi 20. Kila ukipandisha joto la maji yanayoingia kwenye boila kwa nyuzi 6, unaokoa takriban asilimia 1 ya kuni. Ukirudisha maji ya mvuke na kuingiza kwenye boila maji ya nyuzi 80 badala ya 20, ni asilimia 10. Kinachohitajika ni bomba la kurudi, tangi lililofunikwa na pampu. Sijui uwekezaji mwingine katika kiwanda cha chai unaorudisha pesa zake kwa uhakika kama huo.

Kisha kuna trapu za mvuke, vifaa vidogo vinavyopitisha maji na kuzuia mvuke. Trapu ikifa ikiwa wazi haipigi kelele, haimwagi chochote sakafuni, na uzalishaji unaendelea kama kawaida. Mvuke hai unapita moja kwa moja kurudi kwenye tangi. Ukiona tangi la maji linafuka wingu zito mchana kutwa, usifurahie kwamba boila lina nguvu. Nenda ukasikilize trapu. Vipo vifaa vya kisasa vya kusikilizia. Ukikosa, weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya trapu na mpini wake sikioni. Trapu nzima kwa kawaida inafungua na kufunga kwa vipindi, iliyokufa inavuma bila kukoma. Na matundu ya wazi nayo yasidharauliwe. Tundu la milimita 3 kwenye bomba lenye presha ya bar 7 linapoteza takriban kilo 25 za mvuke kwa saa. Ukipiga hesabu kwa boila la kawaida la kuni, hizo ni zaidi ya kilo 100 za kuni kavu kila siku, kwa tundu ambalo watu wameshazoea kulipita.

Mabomba yafunikwe. Bomba la inchi nne lililo uchi, likibeba mvuke wa nyuzi 170, linapoteza zaidi ya nusu kilowati kwa kila mita, usiku na mchana. Wengi wamefunika mabomba lakini wameacha vali na flenji wazi kwa sababu fundi huzifungua mara kwa mara. Vali moja kubwa iliyo uchi inapoteza joto kama mita nzima ya bomba. Shona jaketi za turubai zenye sufi ya kioo ndani, za kufunga na kufungua kwa kamba. Fundi wa viti vya magari sokoni anaweza kuzishona.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha liko mbali na boila, kwenye vitanda vya kunyaushia. Majani yakinyauka yanapoteza maji kwa hewa inayopulizwa na feni kwa saa 12 hadi 18. Maji yaliyotoka hapo hayatahitaji kukaushwa kwa moto mkali baadaye. Chukua majani yanayoingia kwenye mashine za kusaga yakiwa na maji asilimia 68, uyalinganishe na yenye asilimia 72. Tofauti inaonekana ndogo. Piga hesabu kwa kilo moja ya chai: ya kwanza inaacha kilo 2 hivi za maji kwa ajili ya kikaushio, ya pili inaacha karibu kilo 2.5. Kikaushio kimeongezewa kazi kwa takriban moja ya tano, na hakuna mtu wa boila anayeweza kuifidia. Kwa hiyo mapatano makubwa ya kaboni katika kiwanda cha chai ni kati ya mhandisi na mtengeneza chai. Yeye anatazama rangi, harufu na ukali wa chai kikombeni, na ana haki ya kukataa mnyauko utakaoharibu chai yake, maana chai mbaya iliyotengenezwa kwa kuni chache bado ni hasara ya kuni zote. Tulichokubaliana ni kwamba siku za hewa kavu tunanyausha kwa hewa ya kawaida bila kuipasha kwa mvuke, na kwamba kila asubuhi tunapima unyevu wa mnyauko kwa mizani badala ya kushika kwa mkono peke yake. Namba hiyo inaandikwa ubao mmoja na namba ya kuni.

Hapo hapo kwenye vitanda, feni. Umeme wa feni hupanda kwa mchemraba wa kasi yake: ukipunguza kasi kwa moja ya tano, umeme unashuka hadi karibu nusu. Majani hayahitaji upepo ule ule saa ya kwanza na saa ya kumi na mbili. Kidhibiti kasi cha mota kinafanya marekebisho hayo. Ni umeme, na nimeshasema umeme wetu una kaboni kidogo, lakini usiku wa jenereta feni hizo zinakunywa dizeli.

Nimefika kwenye swali ambalo wanunuzi wa nje huniuliza na ambalo linastahili jibu la kweli. Je, kuni hazihesabiwi sifuri? Kwa kanuni za kimataifa za kuhesabu gesi za viwanda, kaboni dioksidi ya kuni huripotiwa pembeni, nje ya hesabu kuu, kwa sababu inadhaniwa mti mwingine utaota na kuivuta tena. Methani na naitrasi oksidi za moshi wake zinahesabiwa. Kwa hiyo kiwanda kilichoacha mafuta mazito, yenye kilo 3 hivi za kaboni dioksidi kwa kila lita, kikahamia kuni, kinaonekana kwenye ripoti kama kimemaliza kazi. Viwanda vingi vya chai nchini vilihama hivyo bei ya mafuta ilipopanda.

Mimi siikubali sifuri hiyo mpaka nione miche. Mti unaoungua leo ulichukua miaka sita, minane au zaidi kukua, na hewa iliyotoka dohani leo itakaa juu hadi mwingine ukue. Kuni zikitoka kwenye shamba linalochipua tena, deni linalipwa. Zikitoka kwenye msitu wa asili, haliwezi kulipwa katika maisha yetu. Ndiyo sababu kila lori lenye kuni linapaswa kuwa na karatasi inayosema shamba gani, kijiji gani, na afisa wetu awe ameshalikanyaga shamba hilo. Serikali ilipositisha ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, viwanda visivyokuwa na mashamba yao ya miti viliona tofauti haraka: wauzaji walianza kwenda mbali, na kila kilomita ya lori ni dizeli. Zuio hilo liliendelea hadi mwaka 2023 lilipotangazwa kuondolewa. Waliokuwa wamepanda mapema hawakubabaika.

Kupanda nako kuna masharti. Mkaratusi unakunywa maji mengi, na mwaka 2009 serikali iliagiza mikaratusi ing'olewe kando ya mito. Agizo lile lilikuwa na maana. Chai yetu inategemea mvua na mito ileile, na kiwanda kinachokausha chemchemi ili kipate kuni kinakata tawi kililolikalia. Tunapanda juu kwenye vilima, mbali na vijito, na pembezoni tunaacha miti ya kienyeji hata kama haitaingia kwenye boila kamwe. Mabaki nayo yapo: maganda ya makadamia, maganda ya kahawa, vumbi la mbao, makapi ya miwa yaliyoshindiliwa kuwa vipande. Ni makavu na yanawaka vizuri, ingawa lazima uangalie yanatoka umbali gani na majivu yake yanafanya nini kwenye wavu wa tanuri.

Wengine wananiuliza kuhusu joto la ardhini, kwa kuwa tunalo. Shamba la maua la Oserian pale Naivasha lilipasha nyumba zake za maua kwa joto hilo kwa miaka mingi, na ni jambo la kujivunia. Lakini mvuke hausafiri mbali bila kupoa, na milima ya chai haikukaa juu ya visima vya Olkaria. Kiwanda kipya kinachotafuta mahali pa kujengwa, cha maziwa, cha kukausha mboga au nafaka, kingefanya vyema kufikiria Naivasha au Menengai kabla ya kununua boila la kwanza.

Na nje ya uzio wa kiwanda kuna mbolea. Naitrojeni inayowekwa shambani, sehemu yake hutoka kama naitrasi oksidi, gesi ambayo kilo yake moja inapasha dunia joto mara 273 kuliko kilo ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Kuweka mbolea baada ya kupima udongo, kwa wakati wa mvua ya kiasi, kunaweza kufaa kuliko paneli nyingi. Hiyo ni kazi ya maafisa wa ugani, na wanaijua kuliko mimi.

Mwaka huu nimepeleka kwa wakurugenzi ombi la paa. Kulikuwa na pendekezo la kununua boila la pili, kubwa, la kisasa, kwa hoja kwamba lililopo halifikishi mvuke wa kutosha msimu wa majani mengi. Niliwaonyesha vitabu: wiki ambazo unyevu wa kuni ulikuwa chini ya asilimia 25, boila hilo hilo lilifikisha. Nikawaambia tuezeke kwanza uwanja mzima, turudishe maji yote ya mvuke, kisha tukipungukiwa tuzungumzie boila. Mkurugenzi mmoja, mama ambaye ni mkulima wa chai tangu ujana wake, aliuliza swali moja tu: "Engineer, paa hili litakausha kuni za nani kwanza, zetu au za matajiri wenye malori?" Nilimjibu kwamba kwa mfumo wa sasa wa kipimo, mwenye gogo moja na mwenye lori wanasoma sindano ile ile. Wameidhinisha nusu ya paa sasa, na nusu nyingine baada ya bonasi kulipwa. Tunaanza na upande wa kuni zilizopasuliwa, maana hizo ndizo zitakazoingia motoni kuanzia Machi, mvua ndefu zikianza, majani yakifurika na hewa ikiwa haikaushi chochote.